Chumvi Ikiyeyuka Majini: Mwongozo Kamili wa Kutabiri Asidi, Besi au Hali ya Kati

Chukua bilauri tatu za maji safi. Katika ya kwanza tia chumvi ya mezani, NaCl. Katika ya pili tia amoniamu kloridi, NH₄Cl. Katika ya tatu tia sodiamu kaboneti, Na₂CO₃, ile soda ya kufulia. Koroga mpaka punje zote ziyeyuke. Kwa macho hutaona tofauti yoyote, zote tatu ni maji maangavu yasiyo na rangi. Sasa chovya karatasi ya pH, kipimo ambacho kwa joto la kawaida 7 ni hali ya kati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi. Ya kwanza itasoma karibu 7, ya pili itashuka hadi karibu 5, na ya tatu itapanda kupita 11, kiwango kinachotosha kuwasha ngozi.

Zote tatu ni chumvi. Kwa kuwa tulifundishwa kwamba chumvi hupatikana pale asidi na besi zinapomalizana nguvu, wengi hubaki wakiamini kwamba chumvi yoyote lazima iache maji yalivyo. Baadaye mwalimu huwapa jedwali la mistari minne, la asidi na besi zilizoizaa chumvi: kali na kali, kali na dhaifu, dhaifu na kali, dhaifu na dhaifu. Jedwali hilo si baya, ila mimi silipendi likikaririwa peke yake, kwa sababu halikuelezi alumini kloridi inatoa protoni wapi, na linakwama kabisa ukikutana na sodiamu bisalfeti. Njia isiyokwama ni kuacha kuihukumu chumvi nzima. Ikishayeyuka, chumvi haipo tena. Kilichobaki majini ni ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na kila ioni huulizwa swali lake peke yake: wewe utayafanya nini maji?

Kabla ya kuanza: maji hayajakaa kimya

Hata maji matupu yana shughuli ndani yake. Molekuli moja humpa mwenzake protoni, yaani H⁺:

H₂O + H₂O ⇌ H₃O⁺ + OH⁻

Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, H₃O⁺ na OH⁻ zinakuwa sawa, kila moja moli (kipimo cha idadi ya chembe) 1.0 × 10⁻⁷ kwa lita. Ukizizidisha unapata 1.0 × 10⁻¹⁴, namba inayoandikwa Kw, na zao hilo halibadiliki maadamu joto halibadiliki. H₃O⁺ ikizidi OH⁻, maji ni asidi. OH⁻ ikizidi, maji ni besi. Kwa hiyo ioni ya chumvi ina njia mbili tu za kuharibu usawa huu: kutoa protoni na kuongeza H₃O⁺, au kuyanyang'anya maji protoni na kuacha OH⁻ nyuma. Ndivyo Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza walivyoieleza asidi na besi mwaka 1923, kila mmoja kivyake: asidi hutoa protoni, besi huipokea. Mwongozo huu wote umesimama juu ya wazo hilo.

Hatua ya 1: Vunja chumvi kuwa ioni zake

Andika kationi (yenye chaji chanya) na anioni (yenye chaji hasi). NaCl hutoa Na⁺ na Cl⁻. Na₂CO₃ hutoa Na⁺ mbili na CO₃²⁻ moja. Al₂(SO₄)₃ hutoa Al³⁺ mbili na SO₄²⁻ tatu.

Kosa la kawaida hapa ni kuzivunja ioni ambazo ni kundi moja. CO₃²⁻ haivunjiki kuwa kaboni na oksijeni. NH₄⁺ haivunjiki kuwa nitrojeni na haidrojeni. Makundi kama NO₃⁻, SO₄²⁻, PO₄³⁻ na CH₃COO⁻ huingia majini yakiwa yameshikana vilevile. Ukikosea hapa, kila kitakachofuata kitakuwa kazi bure, basi ihakiki chaji: jumla ya chanya na hasi lazima iwe sifuri.

Hatua ya 2: Tafuta mzazi wa kila ioni

Kwa anioni, ongeza H⁺ moja tu. Utakachopata ndiyo asidi mzazi. Cl⁻ inatoka kwa HCl. CH₃COO⁻ inatoka kwa CH₃COOH, asidi iliyomo kwenye siki. F⁻ inatoka kwa HF.

Kwa kationi ya metali, ongeza OH⁻. Na⁺ inatoka kwa NaOH, Ca²⁺ kwa Ca(OH)₂. Amoniamu ni tofauti kidogo: yenyewe huondolewa H⁺ moja, na mzazi wake ni amonia, NH₃.

Sasa inabidi ujue mzazi yupi ni mkali na yupi ni dhaifu, na hapa hakuna njia ya mkato, ni kukariri. Nafuu ni kwamba wakali ni wachache. Asidi kali unazokutana nazo kila siku ni HCl, HBr, HI, HNO₃, HClO₄, HClO₃ na H₂SO₄ (hii ya mwisho ni kali kwa protoni yake ya kwanza tu, na jambo hilo litaturudia baadaye). Besi kali ni hidroksidi za lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu na sesiamu, pamoja na za kalisi, strontiamu na bariamu. Nje ya orodha hizi mbili, mchukulie mzazi kuwa dhaifu mpaka uthibitishe vingine.

Angalia HF. Watu huiona kwenye safu moja na HCl na HBr, halafu wanaiweka kwenye kundi la asidi kali. Ni dhaifu. Ni hatari sana kwa mwili, lakini hatari na ukali wa asidi ni mambo mawili tofauti. Majini ni sehemu ndogo tu ya molekuli zake inayoachia protoni.

Hatua ya 3: Toa hukumu kwa kila ioni

Ioni ya mzazi mkali hukaa pembeni ikitazama. HCl huachia protoni yake yote majini, maana yake Cl⁻ haina hamu ya kuirudisha. Ukitia Cl⁻ ndani ya maji, haiwezi kuyanyang'anya protoni. Ndivyo zilivyo pia Br⁻, I⁻, NO₃⁻ na ClO₄⁻. Upande wa kationi, Na⁺, K⁺, Ca²⁺ na Ba²⁺ nazo hazifanyi kitu cha kupimika. Hizi zote zifute kwa kalamu. Hazina kura.

Ioni ya mzazi dhaifu ndiyo yenye kazi. Asidi ya siki hushikilia protoni yake kwa nguvu, kwa hiyo asetati ikiwa peke yake majini huitafuta ile protoni:

CH₃COO⁻ + H₂O ⇌ CH₃COOH + OH⁻

OH⁻ imeongezeka, maji yameelemea upande wa besi. Sabuni ya mche hufanya hivyohivyo, kwani ni chumvi ya sodiamu na asidi ndefu za mafuta, ambazo ni dhaifu. Ndiyo maana maji ya sabuni hugeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu, na ndiyo maana ukimimina asidi humo povu hufa na utando mweupe hujitokeza: asidi ya mafuta imerudishiwa protoni yake na haiyeyuki tena.

Amoniamu hufanya kinyume chake:

NH₄⁺ + H₂O ⇌ NH₃ + H₃O⁺

H₃O⁺ imeongezeka, maji ni asidi. Kanuni hii haiishii kwa amoniamu. Dawa nyingi ni besi dhaifu zenye nitrojeni, na hutengenezwa katika sura ya chumvi ya haidrokloridi ili ziyeyuke vizuri majini. Mmumunyo wa chumvi ya aina hiyo huelemea upande wa asidi kwa sababu hii hii.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa kuna usemi unaozunguka madarasani kwamba "asidi dhaifu huzaa besi kali". Usiuamini. Namba zinaukataa. Nguvu ya asidi hupimwa kwa Ka na ya besi kwa Kb, na kwa mzazi na mwanawe, Ka × Kb = 1.0 × 10⁻¹⁴. Asidi ya siki ina Ka ya 1.8 × 10⁻⁵, basi asetati ina Kb ya 5.6 × 10⁻¹⁰. Hiyo si besi kali hata kidogo, amonia yenyewe (Kb 1.8 × 10⁻⁵) inaizidi zaidi ya mara elfu thelathini. Usemi sahihi ni huu: kadiri mzazi anavyozidi kuwa dhaifu, ndivyo mwana anavyozidi kuwa na nguvu. Asidi ya wastani ina mwana hafifu sana. Asidi hafifu mno, kama HCN yenye Ka ya 6.2 × 10⁻¹⁰, ina mwana anayeonekana kweli: CN⁻, yenye Kb ya 1.6 × 10⁻⁵.

Ukishahukumu ioni zote mbili, chumvi nyingi zitakuwa zimejibiwa:

- zote mbili zimefutwa: hali ya kati (NaCl, KNO₃, BaCl₂);
- anioni peke yake ina kazi: besi (CH₃COONa, KF, Na₂CO₃);
- kationi peke yake ina kazi: asidi (NH₄Cl, NH₄NO₃).

Zimebaki aina tatu zinazohitaji uangalizi, na ndizo zinazoangusha watu kwenye mtihani na maabara.

Hatua ya 4: Chunguza metali ndogo zenye chaji kubwa

Chukua AlCl₃. Ndani ya fomula hakuna haidrojeni hata moja. Itatoa protoni wapi? Lakini mmumunyo wake wa moli 0.1 kwa lita una pH karibu 3, asidi karibu sawa na ya asidi ya siki yenye ukolezi uleule.

Protoni inatoka kwenye maji yenyewe. Al³⁺ haitembei peke yake, huzungukwa na molekuli sita za maji zilizoishika kwa upande wa oksijeni. Ioni ni ndogo na chaji yake ni kubwa, kwa hiyo huvuta elektroni za zile molekuli kuelekea kwake. Elektroni zikivutwa, kifungo kati ya oksijeni na haidrojeni hulegea, na protoni moja humponyoka mwenyewe ikachukuliwa na maji ya jirani:

[Al(H₂O)₆]³⁺ + H₂O ⇌ [Al(H₂O)₅OH]²⁺ + H₃O⁺

Tazama ukubwa wa ioni na chaji yake kwa pamoja. Fe³⁺ ni kali zaidi, Ka yake ni karibu 6 × 10⁻³, na mmumunyo wa feri kloridi wenye moli 0.1 kwa lita hushuka chini ya pH 2. Cr³⁺ nayo ni asidi ya wazi. Zn²⁺ na Cu²⁺ ni asidi hafifu, chaji mbili hazivuti kama tatu. Mg²⁺ ni hafifu kiasi kwamba kwa kazi za kawaida unaihesabu kuwa mtazamaji, na Ca²⁺, Ba²⁺, Na⁺ na K⁺ ni kubwa mno au chaji yake ni ndogo mno kufanya lolote. Kanuni ya haraka: metali yenye chaji 3+ ni asidi, metali ya mpito yenye 2+ ni asidi kidogo, na metali za orodha ya besi kali hazina kura.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, yeyusha shabu (chumvi ya alumini na potasiamu) katika bilauri moja na sodiamu bikaboneti katika nyingine, kisha zichanganye polepole juu ya sinia. Mara moja mchanganyiko hufoka povu, na ndani yake hutokea vipande vyeupe vyororo kama ute. Povu ni gesi ya kaboni dioksidi: asidi ya ioni ya alumini imeishambulia bikaboneti. Ute ule ni hidroksidi ya alumini, ioni iliyopoteza protoni tatu. Vizimamoto vya povu vya zamani vilitumia mmenyuko huu huu, salfeti ya alumini upande mmoja na bikaboneti upande wa pili. Chumvi mbili, hakuna asidi ya chupa mahali popote.

Tahadhari moja: alumini kloridi kavu, isiyo na maji ndani ya fuwele zake, hugombana vikali na maji, hupata joto na kutoa mvuke wa HCl. Kwa jaribio tumia shabu au kloridi ile iliyokwisha kubeba maji, AlCl₃·6H₂O.

Hatua ya 5: Anioni iliyobaki na haidrojeni

HCO₃⁻, HSO₄⁻, H₂PO₄⁻, HPO₄²⁻, HSO₃⁻. Ioni hizi zina nyuso mbili. Zinaweza kutoa protoni iliyobaki (zikawa asidi), na zinaweza kupokea nyingine (zikawa besi). Wanafunzi wengi wakiona H mbele huandika "asidi" na kwenda zao. Sodiamu bikaboneti inawakosesha alama kila mwaka.

Njia ni kupambanisha namba mbili. Ya kwanza ni Ka ya ioni yenyewe ikitoa protoni. Ya pili ni Kb yake ikipokea, ambayo unaipata kwa kugawa Kw kwa Ka ya mzazi aliye juu yake. Kubwa ndiyo inayoshinda.

Bikaboneti: asidi ya kaboniki ina Ka ya kwanza 4.3 × 10⁻⁷ na ya pili 4.7 × 10⁻¹¹. Ikitoa protoni, HCO₃⁻ ina nguvu ya 4.7 × 10⁻¹¹. Ikipokea, Kb = 10⁻¹⁴ ÷ 4.3 × 10⁻⁷ = 2.3 × 10⁻⁸. Kb imeshinda kwa karibu mara mia tano. Besi, ingawa ya upole, pH karibu 8.3.

Familia ya asidi ya fosforiki ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu chumvi zake tatu za sodiamu zinatoka kwa asidi moja na zinaishia sehemu tatu tofauti. Ka zake ni 7.5 × 10⁻³, 6.2 × 10⁻⁸ na 4.2 × 10⁻¹³.

NaH₂PO₄: Ka ya H₂PO₄⁻ ni 6.2 × 10⁻⁸, Kb yake ni 1.3 × 10⁻¹². Asidi, pH karibu 4.7.

Na₂HPO₄: Ka ya HPO₄²⁻ ni 4.2 × 10⁻¹³, Kb yake ni 1.6 × 10⁻⁷. Besi, pH karibu 9.8.

Na₃PO₄: haina haidrojeni ya kutoa. Besi yenye nguvu, pH hupita 12 katika mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita.

Ile bisalfeti niliyoitaja mwanzoni, NaHSO₄, sasa ni rahisi. Mzazi wake H₂SO₄ ni mkali, kwa hiyo HSO₄⁻ haina hamu ya kupokea protoni. Inabaki njia ya kutoa, nayo Ka yake ni 1.2 × 10⁻². Ni asidi ya nguvu, pH karibu 1.5 kwa moli 0.1 kwa lita, na haishangazi kwamba inauzwa kwa kazi ya kushusha pH ya mabwawa ya kuogelea na kusafisha ukoga wa chokaa. Jedwali la mistari minne lingesema "asidi kali na besi kali, hali ya kati".

Na salfeti kamili, SO₄²⁻? Kinadharia ni besi, maana HSO₄⁻ si asidi kali kabisa. Kb yake ni kama 8 × 10⁻¹³, na mmumunyo wa Na₂SO₄ wa moli 0.1 kwa lita ungekuwa na pH karibu 7.5. Wengi huihesabu kuwa mtazamaji, na kwa makadirio ya kawaida hawakosei.

Hatua ya 6: Ioni zote mbili zikiwa na kazi

Amoniamu asetati: NH₄⁺ inasukuma upande wa asidi, asetati inasukuma upande wa besi. Linganisha Ka ya kationi na Kb ya anioni. Ka ya NH₄⁺ ni 5.6 × 10⁻¹⁰. Kb ya asetati ni 5.6 × 10⁻¹⁰. Zimetoshana, pH ni 7. Ni sadfa tu ya namba. Usiifanye kanuni kwamba dhaifu na dhaifu huleta hali ya kati.

Badilisha anioni uone. NH₄F: Kb ya F⁻ ni karibu 1.5 × 10⁻¹¹, ndogo kuliko Ka ya amoniamu. Asidi kidogo, pH karibu 6.2. NH₄CN: Kb ya CN⁻ ni 1.6 × 10⁻⁵, kubwa kupita kiasi. Besi, pH karibu 9.2. (Huu uwe mfano wa kwenye daftari tu, chumvi za sianidi ni sumu, na zikikutana na asidi hutoa gesi inayoua.)

Kwa chumvi za aina hii, ukolezi hauhamishi pH sana, kwa sababu pande zote mbili zinapungua na kuongezeka pamoja. Kwa NH₄Cl au Na₂CO₃, ukolezi una maana kubwa.

Hatua ya 7: Kadiria pH yenyewe

Kama ioni moja tu ina kazi, hesabu ni fupi. Zidisha ukolezi wa ioni kwa Ka (au Kb) yake, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Unapata H₃O⁺ (au OH⁻). pH ni −log ya H₃O⁺, pOH ni −log ya OH⁻, na kwenye nyuzi 25 jumla yake ni 14.

NH₄Cl, moli 0.1 kwa lita: 0.1 × 5.6 × 10⁻¹⁰ = 5.6 × 10⁻¹¹. Kipeuo chake ni 7.5 × 10⁻⁶. pH = 5.1.

CH₃COONa, moli 0.1 kwa lita: namba ni zilezile, lakini sasa ni OH⁻. pOH = 5.1, basi pH = 14 − 5.1 = 8.9.

Na₂CO₃, moli 0.1 kwa lita: Kb ya CO₃²⁻ inatokana na Ka ya pili ya asidi ya kaboniki, 10⁻¹⁴ ÷ 4.7 × 10⁻¹¹ = 2.1 × 10⁻⁴. Kipeuo cha 2.1 × 10⁻⁵ ni 4.6 × 10⁻³. pOH ni 2.3, pH ni karibu 11.7. Watu wengi huchukua Ka ya kwanza hapa, wakapata pH ya 9.7 na hawashtuki. Kumbuka: mzazi wa CO₃²⁻ ni HCO₃⁻, si H₂CO₃. Panda ngazi moja tu.

Kwa zile anioni zenye nyuso mbili kuna hesabu fupi zaidi. Chukua pKa mbili (pKa ni −log ya Ka) zinazoizunguka ioni, zijumlishe, gawa kwa mbili. HCO₃⁻: (6.4 + 10.3) ÷ 2 = 8.35.

Njia ya kipeuo ina mipaka miwili. Jibu likizidi asilimia tano ya ukolezi ulioanza nao, kama kwa Na₃PO₄ au feri kloridi, tumia mlinganyo kamili wa kipeo cha pili. Na ukiyeyusha chumvi kidogo mno, tuseme sehemu moja ya milioni ya moli kwa lita, protoni za maji yenyewe ndizo zinazotawala na pH inarudi karibu na 7. Vilevile usishangae ukikuta Ka zinatofautiana kidogo kati ya kitabu na kitabu. Hukumu ya asidi au besi haitabadilika kwa tofauti hizo.

Ukienda kupima

Utabiri ukigongana na kipimo, usiukatae upesi. Kwanza shuku maji. Maji yaliyokaa wazi hunyonya kaboni dioksidi ya hewani na kushuka hadi pH karibu 5.6, hata kama hayajatiwa chochote. Mmumunyo wa NaCl utakaotengeneza kwa maji hayo hautasoma 7, na kosa si la chumvi. Chemsha maji dakika kadhaa, yafunike, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo uyatumie. Maji ya bomba nayo yana bikaboneti yake, hivyo hayafai kwa chumvi zinazobadilisha pH kidogo.

Pili shuku joto. Kw hukua joto likipanda. Kwenye nyuzi 60 hali ya kati iko karibu na pH 6.5. Maji hayo si asidi, kwa kuwa H₃O⁺ na OH⁻ bado ni sawa.

Tatu, litmasi haina macho makali. Inageuka kati ya takriban 5 na 8, kwa hiyo chumvi yenye pH 6.2 inaweza kukuacha na rangi ya zambarau isiyosema lolote. Tumia karatasi ya pH yenye rangi nyingi au kipima pH kilichosawazishwa. Na kwa feri kloridi, yenye rangi ya manjano ya kahawia, karatasi yoyote itakudanganya kwa sababu rangi ya mmumunyo inaingia kwenye rangi ya karatasi.

Jipime

Funika majibu, toa hukumu, kisha soma.

KBr. Ioni zote zimefutwa. Hali ya kati.

NaNO₂. NO₂⁻ inatoka kwa HNO₂, asidi dhaifu. Besi. Usiichanganye na NaNO₃, ambayo ni ya kati; oksijeni moja imebadilisha jibu.

Zn(NO₃)₂. Nitreti haina kura, zinki ina maji yake yanayolegea protoni. Asidi hafifu.

NaClO, kiungo cha dawa ya kung'arisha nguo. HClO ina Ka ya 3.0 × 10⁻⁸, dhaifu. Besi.

NH₄NO₂. Ka ya amoniamu 5.6 × 10⁻¹⁰ dhidi ya Kb ya nitriti, karibu 2.2 × 10⁻¹¹. Asidi.

(NH₄)₂SO₄. Amoniamu inasukuma, salfeti karibu haifanyi kitu. Asidi.

NH₄HCO₃. Hapa washindani ni watatu: amoniamu kama asidi (5.6 × 10⁻¹⁰), bikaboneti kama asidi (4.7 × 10⁻¹¹), bikaboneti kama besi (2.3 × 10⁻⁸). Namba kubwa ni ya besi, lakini amoniamu inaivuta chini, hivyo pH huishia karibu 7.8, chini kidogo ya ile ya sodiamu bikaboneti.